Njia Mbili, Baiskeli Moja

Methali isemayo "Njia mbili zilimshinda fisi" imefundishwa madarasani mwetu miaka mingi kama karipio dhidi ya tamaa. Mwanafunzi akiulizwa maana yake hujibu upesi kwamba mtu asishike mambo mawili kwa wakati mmoja, naye hupewa alama zake, kwa kuwa jibu ni sahihi. Hata hivyo, tukiirudia ngano yenyewe tutaona jambo la ziada. Fisi alifika njia panda, akanusa nyama kulia na kushoto, akapeleka miguu huku na miguu kule, akapasuka msamba. Kilichomuua ni kutaka kuzipita njia zote mbili kwa hatua moja. Lau angepita hii asubuhi na ile jioni, angekula mara mbili, nasi tusingekuwa na methali.

Nimeitafakari ngano hii sana tangu nilipolazimika kuchagua baiskeli moja ya kufanya kazi mbili: kunipandisha mlimani wakati wa kiangazi, na kunitoa jasho chumbani wakati nje hakupandiki. Wapenzi wa lugha mtanivumilia nikizungumza juu ya matairi na breki katika baraza la washairi. Maneno yamo ndani yake, na mengine yamenisumbua kuliko kina kigumu.

Naandika kutoka Hedaru, wilaya ya Same, mji mdogo uliojipanga kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi. Mashariki yetu imesimama milima ya Upare kama ukuta, kilele chake Shengena kikifika mita 2,462. Magharibi nchi hushuka taratibu kuelekea bonde la mto Pangani, nchi ya migunga, vumbi na ng'ombe. Mawingu yatokayo baharini humwaga mvua yao upande wa pili wa milima. Sisi wa huku hupata masazo. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama Hedaru midomo imemkauka huku akitazama ukungu juu ya mashamba ya ndugu zake.

Kwa mtu wa baiskeli, mji huu una barabara za aina tatu. Kuna lami ya barabara kuu, ambayo mabasi na malori huipita kwa kasi ya kumtikisa mtu aliyesimama pembeni. Kuna barabara ya changarawe ipandayo Vunta na kuendelea hadi Myamba, kona juu ya kona. Halafu kuna njia za udongo na mchanga za tambarare, ambazo jua huzifanya tanuri na mvua huzifanya ulimbo. Dada yangu anaishi juu, upande wa Vunta, katika shamba la wazee wetu. Amenitangulia kuzaliwa kwa miaka saba, na kwa desturi zetu mimi ndiye napaswa kumfuata.

Sasa nieleze kwa nini nisingeweza kuliahirisha jambo hili. Nina kisukari cha aina ya pili. Kaka yetu mkubwa alikuwa nacho pia, na mwaka 2016 alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti, kwa kidonda kilichoanzia kwenye kidole ambacho hakikumpa maumivu yoyote. Ugonjwa huu una ukatili wa pekee: huua kwanza hisia, ndipo huushambulia mwili usioweza tena kulalamika. Nilimzika kaka miaka mitatu baadaye. Tangu siku hiyo huitazama miguu yangu kila usiku kwa taa, nyayo na katikati ya vidole, kama mwalimu anayesahihisha imla.

Daktari aliniagiza nitoe jasho dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima kwa mazoezi ya wastani. Kutembea kungetosha, lakini goti langu la kulia limelika, na kila mteremko hulia kama bawaba ya mlango. Baiskeli humbeba mtu. Uzito hukaa kitini, na goti hufanya kazi ya kuzunguka badala ya kazi ya kubeba. Agizo likawa wazi: baiskeli, siku tano kwa wiki, mwaka mzima, bila kukosa. Hayo maneno "bila kukosa" ndiyo yaliyozua tatizo. Februari hapa jua huchoma tangu saa tatu asubuhi. Masika yakishika, njia hunata hadi matope yakaziba kati ya gurudumu na fremu. Kwenda na kurudi katika ukingo wa lami, malori yakinipumulia shingoni, si zoezi la mzee mwenye busara. Kwa hiyo sehemu ya agizo ilibidi itimizwe ndani ya nyumba.

Majirani walikuwa na suluhisho tayari. Ninayo Phoenix ya Kichina, baiskeli nyeusi ya fremu ndefu, yenye stendi ya miguu miwili inayolinyanyua gurudumu la nyuma. "Mwalimu, iweke stendi, panda, piga pedeli hapo hapo sebuleni!" Wazo lenyewe ni la zamani. Watoto wote wa rika langu wamewahi kupanda baiskeli ya baba ikiwa juu ya stendi na kusafiri hadi Tanga bila kutoka uani. Tatizo ni kwamba gurudumu lililo hewani halina mzigo. Ukishalizungusha huendelea lenyewe, mguu hufuata tu, na jasho halitoki. Ukilibana kwa breki ili uhisi uzito, unakula mpira wa breki.

Nikajifunza kwamba kuna kitegemeo cha chuma kinachoibana ekseli ya nyuma pande zote mbili na kuligusisha tairi kwenye rola. Ndani ya rola mna sumaku, na sumaku ndiyo iletayo uzito. Unaongeza au kupunguza kwa kisu kidogo kinachofungwa kwenye usukani. Kile cha aina rahisi hakihitaji umeme, sifa kubwa mahali ambapo umeme hukatika. Lakini rola ina masharti yake. Tairi la baiskeli ya milimani, lenye kashata kubwa, hunguruma juu yake kama mashine ya kusaga na huchakaa upesi. Rola hupenda tairi laini. Na barabara ya Vunta je? Tairi laini kwenye mteremko wa changarawe ni mwaliko wa kuvunjika bega. Hapo ndipo niliposimama njia panda, pua yangu ikinusa kulia na kushoto.

Kati ya hizo mbili ipo baiskeli ya tatu, ambayo wenzetu wa Marekani na Ulaya wameipa jina la kokoto za barabarani. Nimeiita baiskeli ya changarawe, na sioni haja ya jina jingine. Neno hili liko hai serikalini na mitaani: Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, huzigawa barabara zake katika lami, changarawe na udongo. Washairi watapenda kujua kwamba "changarawe" ina mizani minne, na "baiskeli" nayo minne tukiihesabu ba-i-ske-li. Ziunganishe bila kihusishi, "baiskeli changarawe", upate kipande kamili cha mizani minane. Anayeandika "baisikeli" kwa tahajia ya zamani atazidisha mmoja na kulazimika kukata kwingine.

Mchezo wenyewe si mgeni sana kwetu. Huko Emporia, jimbo la Kansas, mashindano ya maili 200 juu ya changarawe yalianza mwaka 2006. Mwaka 2021 Kenya ilianza mashindano yake ya siku nne katika nchi ya Maasai Mara. Mwaka uliofuata, Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya Amani na mmoja wa waliowatia moyo vijana wa Afrika Mashariki kuingia katika mchezo huu, alifariki katika ajali akishindana Vermont, Marekani. Mungu amrehemu. Alitoka katika nchi ambayo barabara ya changarawe ni njia ya shule, ya soko na ya zahanati. Waliotuuzia jina hawakutuuzia barabara.

Umbo la baiskeli hiyo ni rahisi kulieleza. Fremu yake yafanana na ya baiskeli za mashindano ya lami, usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume, lakini uma wa mbele na wa nyuma una nafasi ya kupokea tairi pana, milimita 38 hadi 45. Tairi la kuchagua ni lile lenye ukanda laini katikati na kashata ndogo pembeni. Juu ya rola hugusa ule ukanda wa katikati tu, na sauti hubaki ya kuvumilika. Kwenye kona za Vunta baiskeli hulala, na kashata za pembeni hushika. Chumbani hulijaza upepo likawa gumu. Nje hulipunguza ili limeze mawe. Tairi moja, tabia mbili, na kati yake pampu.

Hapa ndipo maneno yaliponitesa. Fundi wetu wa stendi ya mabasi aliniuliza gurudumu ni namba ngapi. Nikamwambia muuzaji ameandika 28. Akafurahi: "Hiyo tairi yake ipo hapa, mwalimu, ni kama ya Phoenix yako." Tukaipima. Rimu ya Phoenix, ile ya 28 kwa moja na nusu, ina kipenyo cha milimita 635 mahali tairi linapokaa. Rimu ya baiskeli ya changarawe, nayo huitwa 28 na Wazungu wengine, au 700, ina milimita 622. Tofauti ni milimita 13, na tairi la ile halikai kwenye hii kwa namna yoyote. Kinyume chake, baiskeli mpya za milimani zinazoandikwa 29 zina rimu ya milimita 622 vilevile. Yaani 28 ni kitawe, neno moja lenye maana mbili zisizopatana; na 700 na 29 ni visawe, maneno mawili ya kitu kimoja. Miaka yote niliyofundisha vitawe kwa mfano wa "kaa" na "paa" sikuwahi kupata mfano ambao ukiukosea unatembea kwa miguu kutoka Vunta hadi nyumbani.

Tangu hapo fundi na mimi tumekubaliana kutoyasikiliza majina. Tunasoma namba ndogo iliyochongwa ubavuni mwa tairi, mfano 40-622, ambapo ya kwanza ni upana na ya pili ni kipenyo cha rimu. Namba hiyo haina lahaja. Na faida yake ilionekana upesi: tyubu za 29 zimeanza kufika madukani kwetu, nazo huingia katika magurudumu yangu bila ubishi.

Jambo la pili nililopima ni gia. Phoenix ina meno 44 mbele na 18 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedeli huisogeza mbele zaidi ya mita tano. Kwenye tambarare ni raha, lakini kwenye mlima ni kama kusukuma ng'ombe aliyegoma. Baiskeli niliyoichagua ina gurudumu la mbele la meno 30 na la nyuma kubwa la meno 34. Katika gia hiyo mzunguko mmoja hunisogeza chini ya mita mbili. Naenda pole kama mtu anayesoma tungo ngeni, lakini goti halilii. Anayenunua baiskeli ya kupandia milima yetu aanze kuhesabu meno kabla ya kutazama rangi. Akiona jino kubwa la nyuma halizidi dogo la mbele, ajue atakuwa akiishuka na kuisukuma.

Mambo mengine nayataja kwa ufupi. Breki nilichagua za diski zinazovutwa kwa waya, kwa sababu waya hupatikana Hedaru, ilhali mafuta ya breki za maji na ujuzi wa kuyabadilisha vingenipeleka Moshi. Fremu nilitaka ya chuma cha pua, nikapata ya chuma cha kawaida, nayo imetosha: ikipasuka, mchomeleaji wa hapa anaweza kuiunga, jambo lisilowezekana kwa fremu za kaboni. Ekseli ya nyuma nilihakikisha ni ile nyembamba ifungwayo kwa mkono, kwa kuwa ndiyo kitegemeo changu kinavyotaka; zile nene za kisasa huhitaji kiungo cha ziada. Pedeli nilibadilisha, nikaweka pana zisizo na meno makali, kwa ajili ya nyayo zangu. Na sipandi kwa kandambili, hata kwenda kwa jirani.

Ilibaki bei. Baiskeli hiyo, mtumba kutoka Ulaya, iliuzwa Moshi kwa shilingi 900,000, na kitegemeo 250,000. Fedha hizo zilikuwa na mwenyewe. Mke wangu alikuwa amezitengea tanki la maji ya mvua, na mtu aishiye Hedaru hahitaji kuelezwa maana ya tanki. Tulikaa uani jioni moja. Nilikuwa nimejiandaa kama mtoa hoja wa mdahalo, pointi zangu zimepangwa. Hakunipa nafasi. Alisema: "Mwalimu, shemeji alipokatwa mguu, nilimuona mkewe akichota maji peke yake miaka mitatu. Nunua hiyo baiskeli. Tanki halijui kuchota." Kisha akaongeza sharti: nikikosa zoezi siku mbili mfululizo bila homa, baiskeli inauzwa.

Hadi leo hatuna tanki. Tunaendelea na madumu, nami hubeba mawili kwenye kerieri niliyoifunga nyuma. Hiyo ni kazi ya tatu ya baiskeli moja, na haikuwamo katika hesabu.

Utaratibu wangu ni huu. Siku tatu za wiki hupanda ndani, alfajiri, dakika 30, dirisha likiwa wazi na taulo juu ya usukani, kwa maana jasho lina chumvi na chumvi hula vyuma. Naweka kitabu cha mashairi juu ya kabati mbele yangu na kusoma kwa sauti. Nimegundua kwamba mizani minane huenda sawasawa na mizunguko minne ya pedeli, kila mguu ukikanyaga mzani mmoja, na shairi lililopungua mizani hujulikana kwa mguu kabla ya sikio. Nawashauri vijana watunzi walijaribu jambo hili. Halihitaji baiskeli ya changarawe, hata Phoenix juu ya stendi itafaa.

Siku mbili hutoka nje, kabla jua halijakolea, kwa barabara ya mlimani. Mfukoni huchukua sukari au peremende, kwa kuwa zoezi linaweza kuishusha sukari ya mwili ghafla, na mtu asipande mlima peke yake bila kinga hiyo. Miezi minne ya mwanzo niligeukia njiani, kila mara kona moja juu zaidi ya wiki iliyopita. Mwezi wa tano nilifika kwa dada. Nilikuwa nimeshuka na kuisukuma mara sita. Alikuwa akianika maharage. Akanitazama, akaitazama baiskeli, na bila kuitikia shikamoo yangu akasema, "Vua viatu nione miguu." Nikavua. Akakagua kidole kimoja kimoja, ndipo akasema "Marahaba," akaenda kunichemshia chai ya tangawizi isiyo na sukari.

Vipimo vyangu vya damu vimeshuka, ingawa dawa bado nameza na daktari hajanipa ahadi. Kushuka kutoka kwa dada huwa ndiko kugumu kuliko kupanda. Mikono huchoka kwa breki, na akili haipaswi kutembea. Nikifika lami huteremka, nikavuka kwa miguu, nikiisubiri barabara itulie.

Nimeutungia mkasa huu ubeti mmoja, nao nauleta barazani ukosolewe:

Njia mbili ni za fisi, mwenye tamaa ya nyama,
Mimi ninayo nafasi, ya kwenda na kusimama,
Sitaki kwenda kwa kasi, wala kurejea nyuma,
Chombo kimoja halisi, hufika mbali salama.

Nina ombi kwenu. Kashata za tairi, kwenu mnaziitaje? Na kile kitegemeo cha chuma chenye rola, ambacho hapa nimekizungukia kwa maneno mengi, kinastahili jina moja fupi la Kiswahili. Fundi wetu amependekeza "kinu", kwa sababu husaga bila kwenda popote. Mke wangu amependekeza "tanki". Aliye na jina bora zaidi na alilete, mradi lisizidi mizani mitatu.